Tumechanja tangu Februari, mbona kuni bado zinatoa povu?

"Tunaishi nje kidogo ya mji wa Njombe. Januari tuliangusha miti miwili mikubwa ya mlingoti (mkaratusi) iliyokuwa imeinamia nyumba. Mume wangu na mdogo wake walikata magogo, yakalala mwezi mzima, ndipo tukaanza kuchanja kila Jumamosi, nyumba nzima: wao na mashoka, mimi na watoto wawili wakubwa tunabeba na kupanga. Tumezipanga nyuma ya jiko, zimeegemea ukuta, safu tatu zilizobanana, kimo cha kifua, na tumezifunika turubai kuanzia juu mpaka chini ili mvua isiingie. Sasa ni Juni. Nikiziwasha zinalia, zinatoa povu kwenye ncha, moshi unajaa jikoni, na mtoto wa mwisho, wa miaka mitatu, anakohoa usiku. Za chini zimeota ukungu mweupe. Mume wangu anasema mlingoti si mti wa kuni, tuuze tununue kuni za miwati. Baba mkwe anasema mti uliokatwa mwezi mchanga haukauki. Nani kasema kweli? Halafu kijana wetu wa miaka 12 anaomba shoka. Baba yake anasema muda wake umefika, mimi moyo unakataa."

Kamwene dada, na poleni na moshi. Nianze na mtoto, maana yeye hawezi kungoja kuni zikauke. Mkiona anahema harakaharaka, au mbavu zinabonyea anapovuta pumzi, au anakataa kula na kunywa, mpelekeni kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kikohozi kikipita wiki mbili mpelekeni pia, hata kama mchana anacheza vizuri. Na kuanzia leo asikae jikoni mnapowasha moto, kwa sababu moshi wa mwanzo, kabla moto haujashika, ndio mchafu zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo ni vya watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa hiyo moshi si suala la macho kuwasha tu.

Sasa kesi ya kuni. Mume wako kakosea, baba mkwe kapatia nusu ingawa kwa sababu nyingine kabisa, na mlingoti wenyewe mnauonea bure. Kazi ya kuchanja mmeifanya, mkaiharibu kwenye kupanga. Nitaeleza kwa nini, maana ukishaelewa maji yanatokaje ndani ya mti hutahitaji kumuuliza mtu tena.

Shina la mti ni fungu la mirija. Ni myembamba, haihesabiki, na yote imelala kwa urefu kutoka mizizini kwenda kwenye majani, kazi yake kupandisha maji. Ukiutazama ukuni kwenye ncha unatazama midomo ya mirija hiyo. Mti ukiangushwa, maji yanabaki mlemle. Mlingoti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji: katika mzigo wa kilo 20 uliojitwika kichwani, kilo tisa au kumi ni maji, yaani karibu nusu ndoo. Yanatoka kwa njia ileile yaliyopandia. Kwenye ncha hutoka haraka mara kumi au zaidi kuliko ubavuni, na palipo na gome ni kama hayatoki. Ndiyo maana gogo refu lenye gome lake laweza kulala uani mwaka mzima, na siku ukilipasua ukakuta moyo bado umelowa. Ule mwezi mmoja magogo yenu yalipolala haukukausha kitu cha maana. Mlichopata ni mlingoti uliokaza, na nadhani mabega ya mumeo na shemeji yako yanakumbuka.

Ukishakata vipande vifupi umeongeza ncha, na ukishachanja umefungua ubavu na kulivunja gome. Hiyo ndiyo faida ya kuchanja. Watu wengi hudhani tunachanja ili ukuni uingie kwenye mafiga, kumbe tunachanja ili maji yapate mlango. Kipande kinene kuliko kifundo cha mkono wa mtu mzima, kama ni cha mlingoti, kichanjeni tena.

Mlango ukishafunguka, anayebeba maji ni hewa. Hewa ikishiba unyevu haichukui zaidi, lazima isogee ije nyingine. Fikiria nguo ulizofua. Ukiziacha zimerundikana kwenye beseni, hata jua la saa saba likizipiga, jioni zitakuwa zinanuka. Ukizitandaza kambani, hata kivulini, upepo ukipita zinakauka. Kuni ni hivyohivyo: upepo kwanza, jua baadaye. Safu zenu tatu zilizobanana ukutani ni nguo kwenye beseni, na turubai mliloshusha mpaka chini ni mfuniko wa beseni.

Usiniamini kwa maneno. Kesho alfajiri, kabla jua halijapanda, inua pembe ya turubai upitishe kiganja kwa ndani. Kitatoka kimelowa. Mchana kuni hutoa mvuke, usiku baridi ya Njombe inaugeuza kuwa maji kwenye turubai, matone yanadondoka na kuzirudia kuni zilezile. Mmekuwa mkizinyeshea kwa maji yao wenyewe tangu Februari. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini, nilifunika hivyo kuni za kupikia za kitalu kizima, nikajisifu kwamba mvua haitazigusa. Miezi mitatu baadaye mpishi aliniita, akafunua plastiki bila kusema neno. Ndani kulikuwa na uyoga.

Na lile povu? Ukuni mbichi ukiwa motoni, maji ya ndani yanachemka, mvuke unayasukuma yatoke kwenye ncha pamoja na utomvu. Kabla ukuni haujapasha sufuria yako, unachemsha kwanza maji yake mwenyewe. Maji yakiwa bado yamo, sehemu hiyo ya ukuni haipandi sana juu ya nyuzijoto 100, na gesi zinazotoka kwenye mti huhitaji joto la nyuzi kama 600 ili ziungue vizuri. Zisipoungua hupaa jikoni zikiwa moshi. Kwa hiyo moshi unaouona darini ni kuni zako zilizoondoka bila kupika.

Kuhusu baba mkwe. Mwezi una maana, ila ni mwezi wa kalenda, si mwezi wa angani. Januari kwenu ni katikati ya masika marefu, yale yanayoanza mwishoni mwa mwaka na kwenda mpaka Aprili au Mei. Hewa yenyewe imeshiba maji, itachukua nini kwenye kuni? Anayeangusha mti Mei au Juni ana upepo mkavu mbele yake mpaka Oktoba. Mzee ameona kwa macho yake kwamba miti mingine hukauka na mingine haikauki, na hilo ni kweli tupu. Mwulizeni kwa adabu ile iliyokauka vizuri ilikatwa wakati gani wa mwaka, nadhani mtakubaliana.

Kuhusu mume wako. Mlingoti, au mkaratusi kama wengine wanavyouita, ukikauka ni kuni nzuri sana: mzito, una makaa yanayokaa, na unatosha kupikia maharage bila kuongeza ukuni kila dakika. Ubaya wake uko kwenye kuchanjwa. Nyuzi zake mara nyingi zimejisokota, shoka linaingia halafu linanaswa. Mwati ni rahisi, unapasuka wima kama unafungua kitabu, na Njombe upo tele tangu kampuni ya miwati ilipoanzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya magome yanayotumika kutengenezea ngozi. Lakini mkiuza sasa mnauza kuni zenye ukungu, kwa bei ya kuni zenye ukungu, kisha mnunue miwati ambayo hamjui ilikatwa lini. Ningekuwa ninyi ningenunua mizigo michache tu ya miwati mikavu ya kuvukia miezi hii ya baridi, nikabaki na milingoti yangu. Mahindi nayo ndiyo yanavunwa, kwa hiyo msitupe vigunzi. Vikikauka vinaamsha moto upesi.

Ukungu wenyewe haujaua kuni. Kausheni, utakoma. Ila mnapozihamisha, jifungeni kitambaa puani, na mtoto mwenye kikohozi awe mbali.

Sasa kazi ya Jumamosi mbili zijazo. Tafuteni mahali ambapo upepo unapita, mbali na ukuta, hata kama jua ni la nusu siku tu. Lazeni fito mbili sambamba juu ya mawe au matofali, ziinuke shubiri moja kutoka ardhini, maana mchwa na unyevu wote huanzia chini. Pangeni safu moja tu, ncha zote zikitazama mbele na nyuma, upepo uingie upande huu utokee upande ule. Mwisho wa safu, kila upande, pangeni vipande kwa kupishana: viwili hivi, viwili vikikatiza juu yake, mpaka juu. Hiyo ndiyo nguzo, na safu haitamwangukia mtu. Kimo kisizidi kiuno kama kuna watoto wanaocheza karibu. Mkitaka safu ya pili, acheni nafasi ya mtu mzima kupita katikati. Juu wekeni bati chakavu lililochomoza kidogo pande zote, mlikandamize kwa mawe, ubavuni muache wazi. Turubai mkilitaka lifunike juu tu, lisishuke zaidi ya shubiri moja.

Msibane sana. Wazee wangu walikuwa wakisema panya apite, paka asipite. Watoto wakipanga hupenda kuziba kila tundu kwa vipande vidogo ili safu ipendeze, na kwa kweli inapendeza. Waelezeni kwamba yale matundu ndiyo yanayofanya kazi.

Kupanga ndiko kunakotaka akili, kwa hiyo kusichukuliwe kuwa kazi ya waliobaki. Mpeni baba mkwe kiti karibu na safu, awe mkaguzi: kila kipande kipite mbele yake, aseme kinene kirudi, chembamba kiende, chenye bungua kitengwe kichomwe kwanza. Mzee mwenye jicho atawaokolea wiki nyingi za kukausha. Mtoto wa pili akusanye magome na vibanzi vya kuwashia kwenye gunia. Wewe na kijana mpange. Na mgawanye siku, msilazimishe kumaliza. Ajali nyingi za shoka nilizoshuhudia zilitokea saa ya mwisho, mtu anaposema "bado gogo moja tu".

Mwenye shoka awe peke yake. Hapo sina mjadala. Wengine wakae hatua tano au zaidi kutoka kwake, kwa sababu kipande cha mlingoti kinaporuka hakichagui. Anayekuja kuchukua vipande asubiri mpaka shoka limelala kwenye gogo la kuchanjia na mwenye nalo kaliachia. Wala asiwepo mtu wa kumshikia mwenzake ukuni kwa mkono au kwa mguu, hata wa "kidogo tu". Kama vipande vinaanguka ovyo, chukueni tairi kuukuu la gari, mlilaze juu ya gogo la kuchanjia, msimamishe vipande ndani yake. Mtachanja kuzunguka pande zote na vitabaki vimesimama mlemle. Tairi hilo limepunguza ugomvi mwingi wa nani ainame.

Gogo la kuchanjia liwe fupi kidogo kuliko goti. Ukuni usimamishwe upande wa mbali wa gogo, ili shoka likikosa lipige gogo lisifike kwenye muundi. Miguu itanuke kama ya anayesubiri mpira, na iwe ndani ya buti, si kandambili. Nimeona wanaume wenye heshima zao wakichanja na ndala. Kabla ya kupiga, tazameni ncha ya kipande: kuna nyufa ndogo zimeanza zenyewe kutoka katikati. Fuateni ufa huo, na kama kuna kifundo, kigeuzeni kiwe chini. Gogo pana la mlingoti msilipige katikati. Anzieni pembeni, mkilimenya ubao baada ya ubao kuzunguka, mpaka moyo ubaki mwembamba. Likigoma, tumieni kabari, mkiipiga kwa rungu la mti. Kisogo cha shoka si nyundo: kikigongana na kabari ya chuma, vipande vya chuma huruka, na jicho ndilo linalovipokea.

Kagueni mpini kila asubuhi. Shoka la kienyeji, lile ambalo chuma chake kimechomekwa kwenye kichwa cha mpini, kila likipigwa linajikaza, ila mpini ukikauka linaweza kuchomoka mnapolirudisha nyuma. La dukani, lenye tundu, hulegea taratibu. Kulowesha ndani ya ndoo usiku kucha hulibana kwa siku moja mbili, kisha hulegea zaidi ya mwanzo. Tieni kabari mpya, au badilisheni mpini.

Sasa kijana. Wewe na baba yake wote mnaliona jambo moja kwa pande mbili, na mimi nitasimama katikati, nikiegemea kidogo upande wako. Shoka kubwa na mlingoti, hapana. Miaka 12 mikono bado haina uzito wa kulizuia shoka likikengeuka, na mlingoti ndio mti unaolikengeusha. Lakini mkimkatalia kabisa atajifunza siku hampo, na hilo ni baya zaidi. Mpeni kishoka kidogo chenye makali, kwa sababu butu huteleza, na vipande vifupi vya mwati vilivyonyooka, ndani ya tairi, baba yake akiwa kasimama pembeni hana kazi nyingine. Nusu saa, basi. Aanze kwa kusoma ufa: kabla hajapiga aseme kwa sauti atapiga wapi na kwa nini. Asipoweza kusema, hapigi. Gogo kubwa litamsubiri mpaka mwili wake ukomae.

Mtu akijikata, bonyezeni kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia kila mara kuchungulia, na mwende kituo cha afya. Msitie majivu, udongo wala mafuta ya taa. Jeraha la shoka, hata dogo, ulizieni chanjo ya pepopunda. Kibanzi kikiingia jichoni msisugue wala msikichokoe, mfunikeni jicho bila kulikandamiza na muende hospitali siku hiyohiyo. Mkono unaotoa kuni safuni usiingie gizani: chukueni za juu kwanza, mkigonga kwa fimbo, maana tandu, nge na nyoka nao wanapenda safu nzuri.

Jambo moja hukuuliza, ila kwa kuwa ni Njombe lazima niliseme. Vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa, vile vyenye rangi ya kijani au vyeusi vinavyonuka lami, hata mkipewa bure msivichome, si jikoni wala uani. Ya kijani huwa ina shaba, kromiamu na aseniki. Moshi wake ni sumu, na majivu yake yasiende kwenye bustani ya mboga. Na baridi hii ikizidi, jiko la mkaa lisilale chumbani na watu. Gesi yake haina harufu na haiamshi mtu.

Mtajuaje kuni zimekauka? Gonganisheni vipande viwili: vikavu vinalia kwa sauti kali, kama mbao, vibichi vinatoa sauti ya kufa. Nyufa zimefunguka kwenye ncha kama miale ya jua, gome linabanduka kwa kidole. Lakini jicho na sikio hudanganyika, na mizani haidanganyiki. Chagueni vipande vitatu kutoka sehemu tofauti za safu, kimoja kutoka katikati, mvipime dukani kwa jirani mwenye mizani, mviandike namba kwa mkaa na kuvirudisha palepale. Kila Jumapili pimeni. Mtashangaa jinsi uzito unavyoanguka wiki za mwanzo, halafu unapungua kwa kusuasua. Uzito ukibaki uleule kwa wiki mbili tatu mfululizo, hizo ni kuni. Mkipanga upya mwezi huu, vipande vyembamba vinaweza kuwa tayari Septemba, vinene kiasi Oktoba, kabla mvua hazijarudi. Na kazi hiyo ya mizani mpeni kijana aandike kwenye daftari. Ataona mwenyewe maji yakiondoka, na babu yake atataka kujua namba za wiki hii.